SIKIO HALILALI NA NJAA: MSOMEE MWANAO KITABU

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni wiki hii. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikia.)

Ndugu wasikilizaji, mtoto wa darasa la tatu akikuletea kitabu chake cha shule umsikilize akisoma, mara nyingi utasikia sauti ya mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. "Ba-ba... a-me-kwe-nda... so-ko-ni." Akifika ng'ambo amechoka. Ukimwuliza baba amekwenda wapi, hana jibu. Inambidi arudi tena mtoni kulitafuta. Silabi zote amezitamka sawasawa, lakini maana imemponyoka njiani.

Wazazi wengi huniambia habari hii, na swali lao hufanana: tumnunulie nini mtoto huyu? Wengine wamekwisha kulipia masomo ya ziada. Wengine wamempa simu yenye michezo ya herufi. Wengine wamemkemea mpaka mtoto akiona kitabu anajificha chooni. Mimi leo nina ushauri usio na gharama kubwa, nao ni huu: kaa kitako, fungua kitabu cha hadithi kilicho kizuri na kirefu, umsomee wewe kwa sauti. Kesho umsomee tena, na kesho kutwa, mpaka kitabu kiishe.

Najua kuna atakayeshangaa. Atasema, anayetakiwa kujifunza kusoma ni mtoto, sasa mimi nikimsomea si nitamlemaza? Hoja hiyo ina sura ya ukweli, ndiyo maana inafaa tuitazame kwa makini.

Mtoto hajifunzi lugha kwa jicho. Huanza kwa sikio. Anapoingia darasa la kwanza amekwisha kusikia na kuelewa maelfu ya maneno ambayo hawezi kuyasoma hata moja. Sikio limetangulia, jicho linafuata kwa mbali. Mmarekani mmoja, Jim Trelease, ambaye alikuwa mtu wa magazeti kama sisi kabla ya kugeuka mhubiri wa jambo hili, alitoa mwaka 1982 kitabu cha kuwaelekeza wazazi namna ya kuwasomea watoto. Alieleza kwamba uwezo wa mtoto wa kuelewa anachosikia huwa mbele ya uwezo wake wa kuelewa anachosoma mwenyewe, na kwamba viwili hivi havikutani mpaka mtoto anapokaribia umri wa miaka 13 au 14.

Maana yake ni nini? Mtoto wa miaka saba hawezi kujisomea riwaya, lakini anaweza kuifuata riwaya akisomewa. Akili yake iko tayari kwa visa vya wafalme, mabaharia, wivu, hukumu na safari ndefu. Kinachomchelewesha ni jicho tu. Basi tukimpa yale tu ambayo jicho lake linayaweza, yaani baba kwenda sokoni na Juma kupiga mpira, tunafanya kama anayemlisha uji mtoto mwenye meno kwa sababu tu hajajua kushika kijiko. Mtoto huyo hatatamani kula. Na asiyetamani kusoma hasomi, hata umchape.

Tazameni upande wa pili wa jambo hilohilo. Chukua neno "taadhima". Mtoto aliyewahi kulisikia katika hadithi, mjumbe akiingia mbele ya mfalme kwa taadhima, akilikuta ukurasani ataanza "ta-a-dhi..." na kabla hajamaliza atakuwa amelitambua. Amekutana na mtu anayemfahamu. Mtoto asiyewahi kulisikia atazimaliza silabi zote nne, tena bila kosa, na bado atakuwa hana kitu mkononi. Hakuna mwalimu anayeweza kumtambulisha kila neno kwa ubao na chaki. Maneno mengi huingia kwa mlango wa sikio, yakiwa ndani ya habari inayomvutia mtu.

Nanyi mtauliza, je, si tunazungumza nao kila siku? Tunazungumza, ndiyo. Lakini tusikilize tunazungumza nini. "Umeoga? Umekula? Zima televisheni. Mwite dada. Viatu viko wapi? Nenda kalale." Lugha ya nyumbani ni lugha ya amri na haraka, na maneno yake ni yaleyale. Kitabu kina lugha nyingine. Ndani ya kitabu watu hughadhibika, hustahimili, hughairi, hunong'ona, huduwaa. Kuna sentensi ndefu zenye "ingawa" na "laiti" na "kabla hajawahi". Mtoto ambaye hakusikia sentensi za namna hiyo kwa sauti ya mtu anayempenda, siku atakayokutana nazo katika mtihani zitakuwa ngeni kwake.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2010 mradi wa Uwezo ulipowapima watoto majumbani nchini Tanzania, ilionekana kwamba kama mtoto mmoja tu kati ya kila watatu wa darasa la tatu ndiye aliyeweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kiswahili, jamani, wala si Kiingereza! Baada ya hapo hatua zilichukuliwa, ukiwemo mtaala wa mwaka 2015 uliotilia mkazo Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa madarasa ya chini. Ni vema. Lakini shule hufundisha jicho. Sikio limeachwa nyumbani, na nyumbani hakuna aliyeambiwa kwamba ni kazi yake. Huko Marekani, tume iliyochunguza habari za usomaji ilitoa ripoti mwaka 1985 ikasema kwamba jambo lililo kubwa kupita yote katika kumjengea mtoto maarifa atakayoyahitaji ili awe msomaji ni kusomewa kwa sauti. Nchi yenye maktaba karibu kila mtaa ndiyo iliyosema hivyo.

Sasa nije kwenye vitabu vyenyewe. Tunapotaja riwaya mashuhuri za watoto duniani, tunadhani ziliandikwa na watu waliojifungia vyumbani kimya. Historia inatuambia vingine. Tarehe 4 Julai, 1862, mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Charles Dodgson, alikuwa katika mashua mtoni na rafiki yake pamoja na watoto watatu wa kike wa mkuu wake wa kazi. Watoto walitaka hadithi. Akawatungia papo hapo kisa cha msichana anayeingia katika shimo la sungura. Mmoja wa wale watoto, Alice, mwenye miaka kumi, akamsihi aiandike. Kitabu kilitoka mwaka 1865 kwa jina la Lewis Carroll. Kiswahili kilikipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na katika picha zake Elisi alichorwa akiwa msichana wa Kiafrika. Tafsiri nyingine mpya ilitoka mwaka 2015.

Au chukueni Robert Louis Stevenson. Mwaka 1881 alikuwa kijijini Braemar, Uskochi, mvua haikatiki, na mtoto wake wa kambo amechoka kukaa ndani. Wakachora pamoja ramani ya kisiwa. Kutokana na ramani hiyo Stevenson akaanza kuandika sura moja kila siku, na kila sura aliisoma kwa sauti mbele ya jamaa yake. Baba yake mzazi, mhandisi mzee wa minara ya taa za bahari, alinogewa kama mtoto mdogo mpaka akamtungia mwanawe orodha ya vitu vilivyokutwa ndani ya sanduku la baharia. Hicho ndicho kitabu tunachokijua kama Kisiwa chenye Hazina. Kilitoka London mwaka 1883, na tafsiri yake ya Kiswahili ikatoka mwaka 1929. Na kule Stockholm, mwaka 1941, binti wa Astrid Lindgren alikuwa mgonjwa kitandani, akamwomba mama amsimulie habari za Pippi Långstrump, jina alilolizua palepale. Mama akalisimulia jina hilo mpaka likawa kitabu mwaka 1945.

Nimezitaja habari hizi tatu kwa sababu zinafundisha jambo moja. Vitabu hivi vilizaliwa kwa mdomo, vikajaribiwa kwa masikio ya watoto kabla ya kufika kwa mpiga chapa. Palipomchosha mtoto pangejulikana hapohapo. Ndiyo maana vinasomeka kwa sauti vizuri hata leo. Unapomsomea mwanao, unakirudisha kitabu kilikotoka.

Na kwetu je? Sisi watu wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa na Mzungu kwamba kitabu husomwa kwa sauti. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na tendi za namna ile hazikuandikwa ili mtu mmoja akae pembeni azisome kimoyomoyo. Mmoja alisoma, wengi wakasikiliza, na mtoto aliyekaa miguuni pa baba yake alipata sehemu yake. Hadithi za kima na papa na za punda wa dobi, ambazo Askofu Steere alizichapisha mwaka 1870 kama alivyozipata Unguja, zilitoka katika vinywa vya watu. Bibi aliyesema "Paukwa!" naye mjukuu akaitika "Pakawa!" alikuwa akifanya kazi hiihii. Sisi tuliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam tunakumbuka jinsi kipindi cha Mama na Mwana kilivyokuwa kikikusanya watoto wa nyumba kadhaa mbele ya redio moja.

Mlolongo huo sasa umekatika katika nyumba nyingi za mjini. Bibi yuko kijijini. Redio imenyamazishwa na televisheni. Mtoto anatazama katuni zinazozungumza lugha ya mbali, kila mtu ameinamia simu yake, na usiku unapita bila mtu mzima kumwambia mtoto sentensi tano zinazofuatana. Sisemi hivyo ili kumlaumu mtu. Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni akafika Mbagala au Gongo la Mboto saa mbili usiku hana nguvu za kutunga hadithi. Hapo ndipo kitabu kinapokusaidia. Si lazima utunge. Aliyetunga amekwisha kutunga. Wewe toa sauti tu.

Nyumbani kwangu tuna watoto watatu, na umri wao umepishana: 14, 11 na 7. Mwaka jana tulisoma Kusadikika cha Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Wengi wetu tulikisoma sekondari kwa ajili ya mtihani, tukakariri dhamira na wahusika, tukakisahau. Kukisoma kwa sauti ni jambo jingine kabisa. Kuna nchi inayoelea hewani. Kuna kijana Karama aliyeshtakiwa na waziri kwa kosa la kufundisha sheria. Anajitetea barazani kwa kueleza visa vya wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, walete mambo mema ya kuifaa nchi. Nao waliporudi walilipwa kifungo. Safari sita, kila moja na hatari zake. Mtu angedhani kitabu hiki kimepangwa kwa ajili ya kusomwa usiku kwa usiku.

Tulipomaliza safari ya mjumbe wa pili, yule wa miaka saba aliinua kichwa akaniuliza, "Baba, kwani huyu wa pili hakujua kwamba wa kwanza alifungwa?" Nikamwambia lazima alijua. Akauliza, "Sasa kwa nini alikubali kwenda?"

Ndugu wasikilizaji, nimefanya kazi ya kuuliza watu maswali kwa zaidi ya miaka 20, na sijauliza swali zuri kama hilo. Sikuwa na jibu la haraka. Mkubwa akasema huenda alilazimishwa. Wa katikati akasema hapana, alikwenda kwa sababu aliipenda nchi yake. Mama yao akasema kwamba wapo watu wanaofanya jambo jema hata wakijua malipo yake. Tukabishana mpaka saa nne. Mtoto ambaye hawezi kusoma ukurasa mmoja wa kitabu kile alikuwa amefika kwenye kiini chake.

Hapo ndipo ninapoona faida iliyo kubwa kuliko alama za mtihani. Dunia ina mambo mazito: dhuluma, wivu kati ya ndugu, mtu mwema kuonewa, mauti. Mtoto atakutana nayo tu. Hatuwezi kumweka chini tukaanza kumhutubia, "Mwanangu, leo nitakueleza habari za husuda." Atasinzia. Lakini msomee Adili na Nduguze, cha mwandishi huyohuyo, kilichotoka mwaka 1952. Mtawala mwadilifu analazimika kila usiku kuwapiga manyani wawili, kumbe manyani hao ni ndugu zake wa damu. Mtoto atataka kujua kwa nini. Na katika kujua kwa nini atayapima mambo ya ndugu na husuda kwa akili yake mwenyewe, akiwa ameegemea mkono wako. Shaaban Robert alilijua hilo. Tenzi zake mbili mashuhuri za mawaidha aliwaandikia watoto wake mwenyewe, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe.

Kuna wanaoniuliza habari za vitabu vya kigeni vya zamani, hasa vile vya safari na hazina. Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa mfano, ilitafsiriwa mwaka 1929, nayo inamtazama Mwafrika kwa jicho la Mwingereza wa mwaka 1885. Je, tuwasomee watoto? Kila mzazi na uamuzi wake. Mimi husema kwamba mtoto mkubwa anaweza kusomewa, kwa sharti moja: usipite penye dharau kama hukuona. Simama. Uliza, "Mnaonaje, huyu anayesimulia anawatazamaje watu hawa? Na wao wangesimulia wenyewe wangesemaje?" Televisheni haiwezi kusimama ikauliza hivyo. Mzazi anayesoma ana faida hiyo, kwamba yupo pale.

Jambo jingine ni lugha. Shule moja ya watoto wadogo hapa mjini, ambayo sitaitaja, iliwaambia wazazi katika kikao nilichohudhuria kwamba watoto wasisomewe hadithi za Kiswahili nyumbani, ati zitaharibu Kiingereza chao. Wazazi wengine walitikisa kichwa kukubali. Mimi nilisimama nikauliza: mtoto ambaye hajui kufuata kisa kwa lugha anayoielewa, atakifuataje kwa lugha anayobabaisha? Kufuata kisa ni ufundi. Kukumbuka nani alimkosea nani, kutabiri kitakachotokea, kutambua kwamba msemaji anadanganya, yote hayo mtoto akiyapata katika lugha moja huhama nayo kwenda nyingine. Msomee Kiingereza ukipenda, kama unakisoma kwa ufasaha. Lakini usimnyime lugha ambayo ndani yake anaota ndoto.

Sasa tuingie katika utendaji. Sisi wa redio tunasoma kwa sauti kwa ajili ya mshahara, kwa hiyo niwape siri chache za kazi.

Kwanza, msomaji wa taarifa ya habari haingii studio kabla ya kuipitia karatasi yake. Nawe pitia sura ya leo mapema, hata ndani ya daladala. Utajua wapi pana jina gumu, wapi pana utani, na wapi pana jambo usilotaka kulisoma mbele ya mdogo.

Pili, punguza mwendo. Karibu kila mtu husoma haraka mno. Masikio ya mtoto yanachora picha, nayo picha inahitaji nafasi. Penye nukta, vuta pumzi. Penye jambo la kutisha, nyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Kimya hicho kina nguvu kuliko kelele.

Tatu, usijifanye mwigizaji. Sauti nzito kidogo kwa jitu na nyembamba kidogo kwa sungura inatosha. Mtoto anaitaka sauti yako, hata kama ina mafua.

Nne, usisimame kila neno kueleza maana. Maneno mengi hujieleza kwa kisa. Akiuliza, mjibu kwa maneno machache, kisha endelea.

Tano, na hili ni kubwa, usigeuze hadithi kuwa mtihani. Ukifunga kitabu ukaanza, "Haya, taja wahusika watatu," umekwisha kuua. Ngoja yeye aulize. Asipouliza leo, atauliza kesho akiwa anapiga mswaki.

Sita, acha mahali pazuri. Funga kitabu mlango unapogongwa na bado haijulikani nani yuko nje. Atalala na swali hilo, na kesho yeye ndiye atakayekuletea kitabu. Hii ndiyo sababu napendekeza riwaya ndefu, wala si visa vifupi peke yake. Kisa kifupi huisha na usiku wake. Riwaya humfundisha mtoto kubeba jambo kichwani kutwa nzima na kulisubiri.

Saba, usiache kumsomea eti kwa kuwa sasa anajua kusoma. Hapo ndipo wengi tunapowatupa watoto, darasa la tatu au la nne, wakati sikio bado limetangulia. Mkubwa wangu wa miaka 14 hujisomea mwenyewe, lakini saa ya kusomewa ikifika hujifanya anatafuta kitu chumbani mle, kisha hukaa.

Nitaulizwa habari ya muda. Tupige hesabu. Kwa mwendo wa utulivu mtu husoma maneno yapatayo 100 kwa dakika. Dakika 15 ni maneno 1,500. Kitabu cha maneno 30,000 kitakwisha kwa usiku 20. Ukikosa siku mbili tatu kila wiki kwa sababu ya msiba, foleni au uchovu, bado kitakwisha kabla ya miezi miwili. Kwa mwaka ni vitabu sita. Mtoto akianza na miaka sita, kufikia miaka 13 atakuwa amesikia vitabu zaidi ya 40. Haba na haba hujaza kibaba.

Na habari ya fedha? Maktaba Kuu ya Taifa hapa Dar es Salaam, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967, ina sehemu ya watoto. Wako pia wauzaji wa vitabu vya zamani wanaovipanga chini kandokando ya barabara za katikati ya jiji. Ukiinama kwa subira utapata. Nyumba tatu za jirani zinaweza kununua kitabu kimoja kimoja na kubadilishana. Ukiacha Shaaban Robert, vipo vya karibuni zaidi: Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, cha mwaka 2008, chenye safari ya mtoto katika nchi yetu, na kwa vijana waliokwisha kuvuka miaka 12, Siku Njema cha Ken Walibora wa Kenya, cha mwaka 1996, kinachoanzia Tanga na kwenda mbali.

Mwisho, kuna mzazi anayenisikiliza sasa hivi na moyoni anasema, "Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha." Kwako pia iko njia. Kaka au dada mkubwa asome, wewe ukae usikilize pamoja na wadogo, kwa makini, bila kushika jambo jingine mkononi. Watoto huheshimu kile wanachoona mzazi anakiheshimu. Na siku umeme ukikatika, wasimulie wewe zile ulizosikia kwa bibi yako. Hizo hazimo dukani, na usipozitoa wewe zitazikwa nawe.

Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Ni kweli: lisiposhibishwa na wewe litashibishwa na mwingine, na hujui atalilisha nini. Leo usiku, baada ya chakula, tafuta kitabu kimoja. Soma sura ya kwanza. Palipo patamu, kifunge.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, wakati kama huu, Mungu akipenda.